Digadi la Nne

Zimeni hiyo redio, wanangu, mnisogezee na huu mto uje chini ya bega la kushoto, kisha mkae wote wawili, wewe mwalimu kwenye kiti na wewe fundi hapo kwenye ndoo, ndiyo, igeuze ukalie, mimi nimekalia ndoo miaka arobaini na si ndoo inayoniua leo. Nina maneno mengi, na pumzi niliyobaki nayo ni kama mafuta ya chini kabisa ya tangi, gari linaweza kufika na linaweza kuzimikia kona ya kwanza, kwa hiyo msinikatize, labda mkiona nimefumba macho na mdomo kwa pamoja, maana mdomo huu haujawahi kufumba nikiwa mzima.

Daktari alinong'ona na nyinyi jana hapo mlangoni akidhani sisikii. Masikio ya mgonga bati huharibika upande wa makelele tu, minong'ono tunaisikia vizuri sana. Amesema siku mbili tatu. Mimi mwenyewe nimewaambia wateja siku mbili tatu maisha yangu yote nikakaa na magari yao miezi minne, kwa hiyo nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka kwamba safari hii fundi ni mwingine, na huyo hachelewi.

Tuanze na nyumba. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na asitokee mtu wa kupima vyumba kwa hatua. Gereji ni ya mdogo, kwa kuwa ndiye aliyekubali kuishi na kucha nyeusi. Cherehani ya mama yenu ni ya mkubwa, pamoja na ule mkasi wake mrefu ambao mdogo aliutumia kukatia bati akadhani sikuona. Nyundo zangu tisa zishike, mwanangu fundi, ni zako. Ya kumi, ile ndogo yenye mpini mwembamba, nitawaambia ni ya nani, msiniharakishe.

Sasa gari.

Wiki nzima mmekuwa mkibishana hapo uani juu ya madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu yasiturushie tope. Kigari changu cha zamani mlichokifufua kimekamilika, injini inaguna, rangi inang'aa, viti viwili vimeshonwa upya, lakini magurudumu manne yako uchi kama watoto wanaotoka kuoga. Fundi umeleta kutoka kwa muuza vyuma chakavu madigadi marefu ya gari lililokuwa likibeba maiti, ukasema yana heshima. Yana heshima, sikatai, ila mimi gari la namna hiyo nitalipanda hivi karibuni, lingoje zamu yake. Mwalimu naye umeingia na bikari na daftari, ukachora duara ndani ya duara, ukasema digadi lazima liwe na kitovu kimoja na gurudumu na pengo liwe sawa kuanzia mbele mpaka nyuma, basi mdogo wako agonge mapya kwa vipimo vyako. Jana mkaingia hapa mashavu yamevimba mkaniambia, "Baba, gari ni lako, chagua wewe." Nikawaambia nitajibu kesho. Kesho yenyewe ni hii.

Siyataki ya maiti na sitaki mapya. Inukeni. Mnishike huku na huku, polepole, mnisogeze upande wa ukutani. Sasa inueni godoro upande huu, na ile mbao ya katikati, itoeni.

Miaka thelathini na moja mnalalamika kwamba kitanda changu nikijigeuza kinalia kama paa la bati. Wewe mwalimu ulimleta seremala mara mbili. Alikaza misumari, akachukua ujira wake, kitanda kikaendelea kulia, mkamwita mwongo. Mwombeni radhi. Kinalia kama bati kwa sababu ndani yake mna bati. Mama yenu alijua kulikuwa na nini humo, alilalia juu yake mpaka siku yake ya mwisho. Alichokuwa hajui ni kwa nini.

Fungua hilo blanketi. Taratibu. Pitisha kidole ukingoni, fundi, usiangalie, pitisha tu. Unasikia ulivyo mviringo? Ndani umekunjiwa waya, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mahali kidole kinajua kunja ilianzia wapi. Mimi sijawahi kukunja hivyo. Wewe una mkono mzuri kunishinda, nakuambia leo kwa kuwa kesho sitakuwepo kukuona ukivimba kichwa, na wewe pia hujawahi. Hesabu, mwalimu, ndiyo kazi yako. Matatu. Ndiyo. Gari lina magurudumu manne na mimi nimelalia madigadi matatu. Habari yote ya maisha yangu iko katika hilo moja lisilokuwepo, la mbele, upande wa kushoto.

Gari lile hatukulinunua popote, tuliliunda wawili, mimi na mdogo wangu, baba yenu mdogo. Mkubwa unamkumbuka, alikuwa akikubeba mabegani ukimshika masikio kama usukani. Mdogo hujawahi kumtia machoni, ingawa anaishi hapo ng'ambo ya reli, mwendo wa nusu saa kwa mtu asiyechechemea kama mimi. Chasisi tuliitoa kwenye gari la mikate lililogonga mti. Kiti cha dereva kilikuwa cha kinyozi, ndiyo sababu mpaka leo kinazunguka ukisahau kukifunga. Ubao wa mbele ya usukani ni mlango wa kabati la mama yenu, lile kabati lisilo na mlango ambalo mmekuwa mkiuliza habari zake tangu utotoni. Mkia ule mwembamba wa nyuma tuliugonga juu ya mfuko wa mchanga, yeye akigonga, mimi nikizungusha bati, au mimi nikigonga na yeye akipita nyuma yangu kusahihisha.

Wateja walituita Chapuchapu na Taratibu, na hamna haja ya kuuliza nani alikuwa nani. Tukaandika hivyo juu ya mlango wa gereji. Fundi, ile alama inayojitokeza chini ya rangi ya bluu kila jua likichoma, uliyoipaka mara tatu na mara tatu ikarudi, ukasema ni unyevu wa ukuta, si unyevu. Ni baba yako mdogo.

Alikuwa mtu wa kuhurumia hata vyuma. Gia ya pili ya kigari kile ilikuwa na meno mabovu, mimi niliiingiza kwa nguvu ikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa, yeye aliiruka, akitoka ya kwanza anakwenda ya tatu moja kwa moja, injini inaguna katikati kama mzee anayeinuka kitini, naye anasema, "Iache ipumzike, haijatukosea kitu." Aliizoea hivyo hata alipoendesha magari ya watu yenye gia nzima aliruka ya pili. Wewe umeitengeneza, fundi, najua, nasikia unavyoiingiza pale kona ya duka la dawa, laini kabisa. Yeye angeiruka tu.

Siku ya kwanza kigari kilipotembea hakikuwa na madigadi. Tukavaa mashati meupe, tukaamua kwenda ukweni kwangu kumwonyesha babu yenu kwamba binti yake hakuolewa na mvivu. Mvua ilikuwa imenyesha. Wanangu, gurudumu lisilo na digadi ni mtu anayekuchotea tope kwa koleo na kukurushia usoni, tena halichoki. Tulifika hatuna macho. Babu yenu alisimama mlangoni akatutazama kwa muda, kisha akamwita bibi yenu, "Mama, njoo, kuna wafinyanzi wawili hapa, mmoja anafanana na mkweo." Mdogo wangu alinigeukia, meno yake tu ndiyo yaliyokuwa meupe, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini barazani kwa watu. Tangu hapo akimwona mtu yeyote mwenye tope usoni hawezi kujizuia, hata iwe msibani.

Ndipo ukaja ubishi wa madigadi, na msidhani nyinyi ndio wa kwanza. Mimi nilitaka marefu, yatiririke kutoka mbele mpaka mlangoni, watu wakituona wadhani tumetajirika. Yeye alitaka madogo, yanayokumbatia gurudumu moja moja, na yale ya mbele yafungwe kwenye bamba la breki nyuma ya gurudumu, ili usukani ukikata kona na digadi likate nalo. Tulibishana wiki tatu. Mwisho mama yenu alitoka jikoni na mikono ina sabuni, akasema, "Mtoto akilala unamfunika kwa shuka la kiasi chake, humfuniki kwa pazia la ukumbi." Akarudi jikoni. Kesi ikaisha. Kwa hiyo mwalimu, katika ubishi wa wiki hii mama yako yuko upande wako, na kwa kawaida alikuwa upande wa mtu mwenye haki.

Taratibu aliyagonga yote manne kwa siku arobaini, na nyundo ile ndogo. Aligonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa: mara tatu, anasikiliza, mara tatu, anasikiliza. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Mwenyewe yupo, ingia tu," naye anagonga tatu nyingine. Jumamosi jioni akayafunga kwenye gari. Lakini mikono ya kushikia yale ya mbele ilitaka bolti ngumu zenye tundu la pini, na duka lilikuwa limefungwa, kwa hiyo akaweka bolti laini za bodi, za kushikilia tu tuone umbo. Akachukua chaki akaandika juu ya boneti, kwa zile herufi zake kubwa za mtoto wa darasa la pili: BADO. Ndivyo alivyofanya kwa kila gari lisilokwisha, na hakuna mtu gerejini aliyegusa gari lenye neno lile mpaka yeye mwenyewe alifute. Hiyo ilikuwa sheria yetu. Akaenda zake kulala kwa mchumba wake upande wa pili wa mji, akasema tutaonana Jumatatu.

Nipe maji kidogo. Inatosha.

Jumapili asubuhi niliamka, nikalikuta limesimama uani lina madigadi manne, jua limelipiga, na mtaa mzima unatoka nje kwa mapumziko. Nani angengoja Jumatatu? Mtu mwenye akili, lakini siku hiyo alikuwa upande wa pili wa mji. Nikamwita binti yangu wa miaka tisa, nikampandisha kwenye kiti cha pembeni. Mama yenu alikuwa ndani, mzito, amembeba huyu fundi tumboni. Nikasimama mbele ya boneti, nikavuta mkono wa kulia wa shati mpaka kwenye vidole, na nika...

Unasema nini, mwalimu?

Wa kushoto.

Subirini. Subirini kidogo.

Wa kushoto. Ndiyo. Mkono wa kulia ulikuwa na ufunguo. Nilifuta kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo uliniona. Ulikuwa umekaa pale juu ya kiti, mbele yako kioo, na mbele ya kioo baba yako anafuta neno. Miaka thelathini na moja umeketi nami mezani, umenipikia, umenisomea barua, umenivalisha soksi mguu huu usiokunjika, na ulikuwa unajua. Mimi nilidhani nimelalia siri yangu peke yangu, kumbe nilikuwa nimemkabidhi mtoto wa miaka tisa aibebe, na hakuwahi kuiweka chini. Kwa nini hukusema? Hapana, usijibu, najua. Ulikuwa unangoja niseme mimi. Njoo karibu. Nipe mkono. Fundi, usimtazame dada yako hivyo, na mimi nitazame vizuri, maana wewe ndiye usiyejua.

Ile kona ya kinu cha unga, dada yako amekuambia tangu utoto kwamba pale ndipo alipopata kovu hili la kwenye nyusi, na mimi nimekuambia kwamba pale ndipo madigadi ya baba yako mdogo yalipoachia. Bolti laini zilikatika. Digadi la kushoto likaanguka likaingia chini ya gurudumu, gurudumu likakataa kugeuka, gari likatupindua mtaroni. Hivyo vyote ni kweli. Mimi nyonga ilivunjika, dada yako akafunikwa na damu kiasi kwamba mama yenu alipofika hakumtambua kwa uso, alimtambua kwa viatu. Akasimama pale na tumbo lake akauliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Nani alisema gari hili liko tayari?"

Nilimwogopa. Msicheke, au chekeni, ila nilimwogopa. Mdogo wangu alikuja mbio, amevaa viatu viwili visivyofanana, akaingia mtaroni, akamtoa huyu mtoto, kisha akasimama mbele ya boneti akaitazama. Ilikuwa safi. Akaniuliza, "Kaka, hapakuwa na neno hapa?" Watu wote wanasikia, wazee wa ukoo, majirani, mama yenu. Nami nikasema, "Neno gani? Hapakuwa na kitu."

Angebisha, ningependa zaidi. Angenitukana. Hakubisha. Alikunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mwake, akajipapasa mfuko wa shati, akaitoa ile chaki, akaitazama. Nikaona kwa macho yangu haya akianza kuniamini. Akanong'ona, "Basi nilisahau." Akaliokota lile digadi lililopindika, akalitia kwapani, akaondoka kwa miguu kufuata barabara, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipouona mgongo wake kwa karibu.

Mnadhani aliacha gereji kwa sababu ya hasira yangu. Mimi ndiye niliyejifanya nina hasira, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kumtazama. Yeye aliacha kwa kuwa hakujiamini tena. Alisema fundi anayesahau kuandika vile ataua mtoto wa mtu. Mkono ule, wanangu, mkono uliokunja ukingo huu, tangu siku ile unatengeneza mifereji ya mvua. Mifereji. Kila nyumba mtaa huu ina mfereji wake, watu huenda kuununua kwake wakaufunga wenyewe, nendeni mguse ukingo, mna waya ndani, kazi ya digadi kwenye paa la jirani. Mvua ikinyesha usiku na mchana mimi namsikia mdogo wangu akipita juu ya nyumba za watu wote. Nyumba isiyo na mfereji mtaani ni moja, hii, na nyinyi mmekua mkipanga ndoo barazani mkidhani baba yenu ni bahili. Sikuwa bahili, sikuwa na uso.

Basi hii ndiyo ilikuwa amri yangu, nimeitunga kichwani miezi miwili: nikishazikwa, mkishatulia, mchukue haya matatu na nyundo ya kumi mkampelekee, mumwambie...

Sema, mwalimu. Nakusikia, sema kwa sauti, ni haki yako.

Unasema nataka kumfuta mara ya pili, na huku nimeshalala kaburini. Unasema alikaa miaka thelathini na moja akijidhani ana kichwa kibovu, na sasa nataka kumletea habari njema akiwa hana mtu wa kumpiga kofi.

Mama yako kabisa. Hata hivyo vidole unavyovinyoosha.

Haya. Futeni amri hiyo, wosia ubadilishwe. Fundi, simama. Nje kunanyesha? Manyunyu? Vizuri sana. Chukua rangi nyeupe na brashi, si chaki, chaki italoa, na safari hii asitokee mtu wa kulifuta kwa shati. Andika juu ya boneti BADO, kubwa, vibaya vibaya, kama mtoto wa darasa la pili. Najua umeipaka ile boneti tabaka saba. Andika. Weka haya matatu kwenye kiti cha pembeni, uyafunge kwa blanketi, na nyundo ndogo uitie mfukoni, ni yake, ilikuwa yake siku zote. Vuka reli, pita kiwanda cha sabuni, utaona nyumba ina mifereji mizuri kupita ufukara wa ukuta wake. Utafika umejaa tope mpaka kwenye meno. Usijifute. Mwache akutazame kwanza, acheke, maana atacheka, hana ujanja juu ya hilo. Kisha msogeze aone boneti. Usianze kumhubiria, mwambie maneno haya tu: "Uliandika. Baba alifuta. Anakuomba uje, kama bado ana pumzi." Asipotaka kuja, usimsihi, ana haki yake. Mwachie madigadi yake na nyundo yake, urudi na magurudumu uchi, na gari likae hivyo hivyo, lisiwekewe ya maiti wala mapya, mkilipanda mlowe. Akija, yeye ndiye atakayekaza bolti, wewe umpe spana na pini na ukae kimya utazame.

Nenda. Ufunguo uko mahali pake. Na funga kile kiti kisikuzungushe.

...

Imewaka. Unasikia, mwanangu? Silinda zote. Anakwenda, kona ya duka la dawa, ya kwanza, ya pili, laini. Fundi huyo. Usimwambie nimemsifu mara mbili kwa siku moja.

Fungua dirisha nisikie vizuri, kisha keti hapa. Kovu lako hili, nililiona kila asubuhi, nikajiambia ni kovu la mdogo wangu. Ni langu. Nilikuandika usoni na nikamsingizia mtu. Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Nakuomba unishike mkono tu, kama hivyo.

Mambo madogo madogo. Yule seremala, msimsahau. Kitanda hiki kikitolewa humu kipewe mtu anayetaka kulala kimya. Mdogo wako akioa, asimfiche mkewe chochote chini ya godoro, hata kizuri. Wewe ukisahihisha madaftari usimfokee mtoto anayesema amesahau, muulize kwanza kama kuna mtu aliyefuta. Na mfereji... nyumba hii iwekewe mfereji. Kama hatakuja, mwiteni mtu mwingine. Ndoo zimechoka.

Nilisinzia? Muda gani? Bado mvua. Mbona umelowa mkono, ni mimi au ni wewe?

Nakubariki. Nakubariki kwa kunyamaza kwako, ingawa sikukistahili kimya kile, na kwa kunisahihisha leo. Mungu akupe watu watakaokuambia kabla hujauliza. Na mdogo wako, mkono wake uwe mwepesi, na kila anachokigonga kikae. Nyote wawili mpendane mbele ya watu na nyuma ya watu. Mkigombana... mgombane hapo uani, kwa sauti, kama mlivyofanya wiki hii. Nilifurahi, mjue. Niliwasikia nikafurahi.

Mguu umekuwa baridi. Huu mzima. Ajabu, nilidhani utaanza ule mbovu.

Sikiliza.

Hapana, mbali zaidi, kule relini. Unasikia? Anakuja. Anakuja polepole mno, amefanya nini injini ile... ngoja akate kona. Ngoja. Ya kwanza... inaguna... inaguna... ya tatu.

Ameiruka.

Huyo si mdogo wako anayeendesha.

Niinue kidogo. Si sana. Nifute mdomo. Mlango... uache wazi, mwanangu, huu na wa mbele. Mwambie apite tu. Asibishe hodi.